Amri Zisilale Ubaoni

Ukitaka kujua Mwalimu amepita nyumba gani, ulitazama milango. Mkono wake wa kulia haukuachana na chaki, hata siku ambazo shule imefungwa, na kila alipobisha hodi alama za vidole vyake zilibaki kwenye mbao. Mama yangu alizifuta kwa kitambaa huku akinung'unika, "Huyu bwana shule haimtoki hata akikoga." Lakini siku ambayo alama zile hazikuonekana, alinituma niende nikatazame kama yu mzima.

Jina lake sitalitaja. Si kwamba limenitoka. Shella nzima, mtaa wetu wa Malindi, toka wauza samaki mpaka imamu, ilimwita Mwalimu tu, na mtu akitaja jina lake la kuzaliwa ilibidi aeleze amemkusudia nani. Wengine walikuwa walimu wa hesabu, walimu wa dini, walimu wa kushona. Yule aliyefundisha Kiingereza ndiye aliyekuwa Mwalimu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, kisha jirani yake nilipokuwa mtu mzima nafundisha shule ya msingi, na sipendi ile desturi yetu ya kumsifu maiti mpaka asiwe mtu. Huyu alikuwa mtu, na alikuwa na makosa, na moja kati ya makosa hayo lilitaka kumfuata kaburini.

Chaki ile ilimganda kwa sababu hakutumia kifutio. Kifutio kilikuwapo, kimetundikwa msumarini, lakini yeye alifuta ubao kwa kiganja. Na katika kufuta alikuwa na ada yake. Kipindi kikisha, maneno mengine yote aliweza kuyaacha ubaoni mpaka kesho yake. Sentensi za amri aliziondoa mwenyewe kabla hajatoka mlangoni, akipitisha kiganja juu chini, juu chini, mpaka ubao ukawa mweusi.

"Amri zisilale ubaoni," alisema. "Habari ikilala haina ubaya. Amri ikilala, atakayekuja asubuhi ataikuta hapa, hajui imetoka kwa nani wala kwa hasira gani, naye ataitii kama bahau."

Tuliucheka msemo huo, kisha tukaupeleka majumbani. Mama akikwambia uoshe vyombo ukachelewa, akirudia mara ya pili wajibu, "Amri zisilale, mama," ndipo wanyanyuka. Haukupita muda mtaa mzima ukawa nao, pamoja na habari ya kiganja kile cha kufuta. Niliwahi kumsikia hata Fundi, mshona nguo wa mkabala na nyumba ya Mwalimu, akimwambia mteja aliyekuwa akimhimiza suruali, "Haya, bwana, amri zisilale, njoo kesho."

Somo lililompa Mwalimu sifa lilikuwa lile la namna za vitenzi vya Kiingereza. Karatasi za mtihani za miaka ile ya themanini zilipenda sana swali hilo: kitenzi kimepigiwa mstari, nawe useme ni cha namna gani. Vitabu viliyapa mambo hayo majina marefu ambayo tuliyatafuna kama mapera mabichi, na watoto wa pwani tulikuwa tukianguka. Mwalimu akayaweka majina kando. Badala yake alitupa mahali.

Mlango ulikuwa mahali pa habari. "Kila lililotokea huingia kwa mlango," alisema. Ubao ulikuwa mahali pa amri. Na dirisha, lile lililotazama uwanja wa mpira, lilikuwa mahali pa yasiyokuwa: matamanio, dua, na ile "If I were a king" ya mtu ambaye si mfalme wala hatakuwa. Basi yeye alisoma sentensi, na sisi darasa zima tuliinuka tukaenda inakokaa. "He sits," tukasongamana mlangoni. "Sit," tukageuka ubaoni. "I pray that he sit," tukakimbilia dirishani, sisi wasichana tukivuta sketi, wavulana wakisukumana, vumbi juu, mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kushtaki kwamba hapo hapasomeki.

Ukikosea mahali hakukupiga. Alikuacha umesimama peke yako mlangoni huku wenzio wote wako dirishani, kisha akakuuliza kwa sauti ya chini, "Huyu anayesema anataka nini? Anakupasha habari, anakutuma, au anatamani tu?" Ukishalijibu hilo, miguu ilikwenda yenyewe. Alituonya tusikimbilie mkia wa kitenzi kabla hatujamsikiliza mwenye kusema, kwani Waingereza wana tabia ya kuvaa shati moja kazini na harusini.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja wa Matsangoni, mtundu, aliyekuwa akipanga chumba mjini kwa ajili ya shule. Siku moja aliulizwa kwa nini amenyanyua mkono, akasema, "May I go out," na kabla hajajibiwa akaenda dirishani na kuruka nje. Akasimama uwanjani akitungoja tucheke. Mwalimu alikwenda dirishani pole pole akamtazama.

"Umefahamu vizuri," akamwambia. "Tamanio lako limekwisha kutimia, sasa limekuwa habari. Habari huingia kwa mlango. Zunguka."

Yule kijana alizunguka jengo lote la shule, akapita mbele ya ofisi ya mkuu, akaingia kwa mlango kichwa chini. Mtihani ulipokuja, yeye ndiye aliyepata swali lile lote.

Huko nje ya shule ulimi wa Mwalimu ulikuwa laini mno, mpaka ukawaudhi wenye haraka. Buchani hakusema "nipe." Alianza na shikamoo kama muuzaji ni mkubwa wake, akauliza watoto wameamkaje, kisha akasema, "Ningependa, kama si taabu, nipate nyama ya kupika mchuzi mdogo." Foleni nyuma yake ilikohoa. "Mwalimu," muuza nyama alimwambia siku moja, "nusu ama robo? Watu wana njaa." Hata paka wake alimbembeleza. Mke wake alikuwa amefariki zamani, na mama yangu alipompelekea sahani ya mchuzi hakukosa kuirudisha na kitu ndani yake, ndimu mbili au kipande cha halua, kwa sababu kwetu sahani ya jirani hairudi tupu.

Mkuu wetu wa shule alitoka bara. Alikuwa Mkristo, mtu mwema, mwenye cheko kubwa, na alipenda kumtembelea Mwalimu. Jioni moja walikuwa wameketi kwetu, naye akamwambia mama yangu, "Mama, leta chai." Mama aliileta, lakini jikoni alikuwa amefura. Mwanamke wa Malindi haambiwi leta kama mtumishi, tena nyumbani kwake. Mgeni alipokwisha kuondoka, Mwalimu alibaki akamwambia, "Usimhesabie hilo, dada. Kwao lile ni ombi. Mtazame uso, usisikilize kitenzi peke yake. Mimi nimekuwa nikiutazama uso wake miaka yote hii, hauna dharau." Mama akatulia. Tangu siku hiyo mkuu alipata chai yenye iliki.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo ninapomkasirikia mpaka leo. Mtu huyo aliyejua kumtafutia kila mmoja udhuru, aliyemwomba paka kwa adabu, alikuwa na mtoto mmoja wa pekee, Athumani, na kwa mtoto huyo hakubakisha ila amri. Kaa. Soma. Usicheze na wale. Nadhani amri zile zote alizokuwa akijizuia kuwapa watu siku nzima alikuwa akizibwaga pale kwake. Athumani alikuwa na mwili wa ngoma. Tangu mdogo hakuweza kusikia kopo likigongwa asitikise bega. Baba yake alimwona akitikisa bega na akamwambia, "Wewe utakuwa mwalimu." Kijana akaitika ndiyo, kama watoto wetu wanavyoitika, na akapelekwa chuo cha ualimu.

Mkuu wa shule alipohamishwa, walimu walimfanyia karamu ya kumuaga kwenye hoteli moja ya watalii, ufukweni. Mimi sikuwapo, ila waliokuwapo ni wengi na wote wanasimulia sawasawa. Baada ya chakula wakatolewa wacheza ngoma wa kuwaburudisha Wazungu, vijana wenye njuga miguuni, vifua wazi, sketi za majani kiunoni na rangi nyeupe usoni. Wa katikati, aliyeruka juu kuliko wote, alikuwa Athumani. Alikuwa ameacha chuo zamani bila kusema. Mkuu wa shule, maskini, kwa kuwa hakumtambua, alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

 Mwalimu alimaliza soda yake, akampa mkuu mkono wa kwaheri, akarudi kwa miguu. Kesho yake alasiri Athumani alikuja nyumbani, na baba yake akamkuta mlangoni. Ilikuwa saa ya watu kukaa nje. Fundi alikuwa kwenye cherehani yake, mama yangu alikuwa dirishani, na wapita njia walikuwapo. Mwalimu hakupaza sauti. Alisema kama anavyosoma sentensi ya mtihani:

"Nikifa, usinizike. Mkono wako usiguse jeneza langu. Nenda."

Athumani akaenda. Alikwenda Ngomeni, akajifunza kutengeneza mashine za mashua, na hakucheza ngoma tena, hilo nalijua kwa hakika. Alioa huko, akapata mtoto. Kila Idi alituma samaki kwa baba yake, na kila Idi samaki yule aliishia jikoni kwetu, maana Mwalimu alimwambia mleta ampeleke kwa jirani. Mama alimpika, akampelekea Mwalimu sahani, na Mwalimu akala. Alijua vizuri anakula samaki wa nani. Mama naye alijua kwamba anajua, na hakuna aliyesema.

Wenye kuzaliwa mbali huenda wasiuone uzito wa neno lile. Kwetu baba akifa, mwanawe wa kiume ndiye anayeshuka kaburini kumpokea. Mtoto aliyekatazwa hilo ni kama aliyekatwa mizizi, kila janga litakalompata watu watasema ni kwa kukosa radhi ya baba. Mtoto wa Athumani alipougua homa, wanawake wa Ngomeni hawakumpa pole, walimpa macho. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Si mali, maana baba hakuwa na mali. Aliogopa baba afe na neno lile limesimama.

Na kulisimamisha tulisaidia sisi majirani, kwa adabu zetu. Tulitaka kumsitiri mzee wa watu. Basi kila mmoja alimwendea kwa siri yake, huyu baada ya sala, yule akijifanya amekuja kuazima ngazi, tukamnong'oneza, "Mwalimu, msamehe kijana." Naye kila mmoja alimjibu kwa upole, "Ahsante kwa kunijali," na mazungumzo yakaisha. Mama yangu ndiye aliyetuzindua, tena akiwa amekasirika. "Neno alilisema njiani, nyinyi mwataka aliondoe uvunguni," alisema. "Lililosemwa mbele ya watu huondolewa mbele ya watu. Na mmoja wenu akamwambie hivyo."

Hakuna aliyethubutu, kwa hiyo alikwenda mwenyewe. Sijui walizungumza nini. Najua tu kwamba Jumatatu iliyofuata Mwalimu alikuja kwetu, akaacha vidole vyake mlangoni, akasema, "Dada, ningependa Ijumaa unipikie mkate wa sinia mkubwa. Uwaite wale waliokuwapo siku ile. Na ukipata mtu wa kwenda Ngomeni, apeleke salamu." Hakueleza zaidi. Mama aliloweka mchele Jumatano. Alhamisi asubuhi mlango ulikuwa hauna alama, na nilipotumwa kutazama nilimkuta sakafuni kando ya kitanda, upande wa kulia umelala na mdomo umekwenda kando. Alinitazama akatoa sauti, lakini neno halikuwamo ndani yake.

Hospitali walimrudisha nyumbani baada ya muda wakasema tumtunze. Alifahamu kila kitu, macho yake yalikuwa yale yale. Ila ulimi ulikuwa umekwisha. Na hapo ndipo Fundi alipotuwekea mguu.

Fundi hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyekata sanda za mtaa wote na kupanga nani ashuke kaburini, kazi ambayo wengine waliikwepa. Alikuwa na hofu ya Mungu, basi. "Mimi nimelisikia kwa masikio yangu haya," alisema. "Amesema usinizike. Mwataka nimwite mwanawe kaburini, kisha kesho akhera nikiulizwa nijibu nini? Alitaka kusema neno Ijumaa, sawa. Neno gani? Pengine alitaka kulikaza. Hatuwezi kumtia mtu maneno kinywani kwa sababu amenyamaza."

Tulibishana naye na hatukumweza, kwa sababu, nisiseme uongo, hakuwa amekosea.

Mama alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kisha akasema, "Mkate aliouagiza haujaliwa." Akaloweka mchele upya. Akatuma mtu Ngomeni. Akawaita wale wale, aliyekuwa kwenye cherehani, aliyekuwa njiani, na yeye mwenyewe aliyekuwa dirishani, waje baada ya sala ya alasiri.

Chumba cha Mwalimu kilikuwa kidogo, kuta zake zimepakwa chokaa iliyoanza kubanduka kwa unyevu. Tulimwegemeza kwa mito, ukuta ukiwa karibu na bega lake la kulia. Nilimlisha kipande cha mkate, akakitafuna polepole. Fundi aliketi karibu na mlango, kofia magotini. 

Athumani aliingia amevaa kanzu, mikono yake myeusi kwa mafuta ya mashine yasiyotoka kwa sabuni. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema, "Shikamoo, baba." Kisha akasema, "Baba, mimi nimekuja kukutaka radhi. Mbele ya hawa."

Mwalimu alimtazama. Ikatoka ile sauti isiyo na neno, akajaribu tena, ikatoka ile ile. Machozi yakamshuka upande mmoja. Fundi akainamisha kichwa akasema kwa upole, "Mnaona wenyewe. Hatuwezi kujua."

Ndipo Mwalimu akaushika mkono wake wa kulia, ule uliokufa, kwa mkono wake wa kushoto. Mama alidhani anataka kugeuzwa, akanyoosha mkono kuuchukua mto. Nikamwambia, "Mwache, mama." Aliuinua mkono ule kama mtu anayeinua mzigo, akaubandika ukutani, kiganja kwenye chokaa. Kisha akaanza kuusukuma. Juu, chini. Ukaanguka mapajani, akaunyanyua tena, akaurudisha pale pale. Juu, chini. Chokaa ilikuwa ikimwagika kwenye shuka na pumzi zake zilisikika chumba kizima. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima na ungeweza kuifanya kazi ile mara moja, lakini hakuutaka. Alifuta kwa ule aliofutia maisha yake yote.

 Nilitaka kusema, nikamtazama Fundi kwanza, na Fundi alikuwa amesimama. Kofia ilikuwa imemwanguka.

"Amefuta," Fundi akasema. Akatugeukia sote, mmoja mmoja, kama anayetushuhudisha. "Mmeona? Mwalimu amefuta."

Mwalimu akaushusha mkono ule polepole, mweupe mpaka kwenye kifundo, akauweka juu ya kichwa cha mwanawe na kuushikilia hapo ili usianguke. Athumani hakuinua kichwa. Alipoinuka baadaye kwenda kumtilia baba yake maji, alikuwa na chokaa nywelini, na mama yangu, ambaye hakuwahi kuiacha alama ya Mwalimu mahali popote bila kuipangusa, hakumpangusa.

Mwalimu alikufa kabla ya Ramadhani. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo nilibaki nyumbani na mama tukiwapikia wageni, na mambo ya huko nilihadithiwa. Walisema Fundi alishika shuka juu ya kaburi na kuita kwa sauti, "Mwanawe yuko wapi? Ashuke." Waliporudi, Athumani alipita kwetu kunawa. Alibisha hodi, na alipoondoa mkono wake vidole vyake vilibaki mlangoni, vya udongo. Mama alikwenda jikoni akachukua kitambaa, akarudi akasimama pale mbele ya mlango, kisha akakikunja na kukirudisha.